Mwalimu na Moto wa Kifuani

Mwalimu aliyekaa jirani nasi wakati wa Mjerumani alikuwa akilala kwenye mteremko. Kitanda chake cha kamba alikiinua upande wa kichwani kwa mawe mawili makubwa aliyoyabeba mwenyewe kutoka mlimani. Asubuhi mara nyingi alikutwa ameteleza hadi chini, magoti yamekunjwa, miguu imetokeza nje ya kitanda. Mara ya kwanza nilipopeleka maziwa kwake na kukiona kitanda kile, nilimwuliza mume wangu kama watu wa pwani wote hulala hivyo. Mume wangu alisema huenda wanalala wakiitazama bahari.

Sababu yenyewe ilikuwa kiungulia. Sijapata kumwona mtu mwingine aliyesumbuliwa na kiungulia kama yeye, wala mtu aliyekizungumzia kwa furaha kama yeye. Akikutana nawe njiani, baada ya kukujulia hali na kuuliza habari za ng'ombe, angekuuliza ulikula nini jana na kama kilikaa kimya. Wanawake wa Kigogo tulikuwa hatujazoea kuulizwa na mwanamume habari za matumbo yetu. Tuliona haya, kisha tukazoea, na mwishowe tulikuwa tunamweleza kabla hajauliza.

Alikuwa mtu mwembamba, mrefu, mwenye kanzu safi kuliko nguo yoyote niliyokuwa nimeiona katika nchi yetu ya vumbi. Juu ya kanzu alivaa mkanda mpana wa ngozi aliopewa na serikali, na mkanda huo ndio uliomtambulisha kuwa mtumishi wa boma na si mfanyabiashara. Aliukaza mpaka kiuno kikawa kama cha nyigu. Alikula akiwa ameufunga, akainama kuandika akiwa ameufunga, na kifua kilipoanza kuwaka aliweka kiganja katikati ya mbavu na kuendelea kufundisha kwa mkono mmoja. Mganga wa Kizungu wa kambi ya reli alimwambia aulegeze. Alimjibu kwa adabu kwamba mwalimu aliyelegea mkanda hasikilizwi na mtu.

Ndivyo alivyokuwa. Aliwakataza wanafunzi wake kula haraka, naye alikula kama anayefukuzwa. Alituambia tusilale baada ya kula, kisha Ijumaa baada ya swala na chakula cha mchana alijinyoosha kivulini kwenye mkeka, chali, na baada ya kitambo kidogo ukamsikia akigumia. Pilipili aliletewa na wasafiri kutoka kwao, akaifunga kwenye kitambaa na kuitundika juu ya mlango wa chumba chake. Alikuwa akiiita adui yake, na kila siku alimkaribisha adui huyo chakulani. Nilipomwuliza kwa nini hamwachi, alisema ugali wa uwele bila pilipili ni kama darasa bila watoto: kila kitu kipo mahali pake na hakuna kinachotokea.

Lakini kilichomsumbua zaidi ya maumivu ni swali. Mume wangu alikuwa akila sahani moja naye. Vidole vyao vilikutana kwenye mboga ileile, na mume wangu alimeza pilipili kama anayemeza mate. Baadaye mmoja alikwenda kuchunga akiimba, mwingine aliketi wima ukutani, jasho likimtoka, akisubiri moto ushuke. Mwalimu alitaka kujua kwa nini. Alimwuliza yule mganga wa reli, naye akamweleza kwamba tumbo lina maji makali ya kuyeyushia chakula, na kwamba juu ya tumbo kuna mahali panapojibana kama mdomo wa mfuko wa ngozi. Kwa watu wengine mdomo huo hulegea, na maji yale hupanda. Akampa unga mweupe wa kunywa na maji. Unga ulimsaidia, tena ulimfanya apige mbweu za kusikika mpaka zizini kwetu. Lakini swali lilibaki. Alirudi akituambia kwamba mganga amemweleza kwa nini maji yanapanda, hajamweleza kwa nini yanauma. Mume wangu alidhani hayo ni jambo moja. Mwalimu alisema hapana, na akaendelea kuuliza watu.

Aligundua mambo mengine kwa kujitazama. Kila alipopata habari kwamba bwana mkubwa wa shule anakuja kukagua, hata maji ya kunywa yalimchoma. Siku hizo alikula uji mtupu usio na chumvi na bado alilala ameshika kifua. Kisha bwana mkubwa aliondoka, na Mwalimu akaenda Kondoa kumtembelea rafiki yake Mrangi aliyekuwa akifanya biashara ya magadi. Huko alilishwa nyama ya mbuzi yenye mafuta na pilipili, asubuhi na jioni, muda wote aliokaa, wala hakuungulia hata kidogo. Alirudi amenenepa na amechanganyikiwa. Alituambia kwamba yaelekea hofu nayo ni chakula, na kwamba ni chakula kibaya kuliko vyote.

Sasa niwaeleze habari ya mama mkwe wangu, maana bila yeye huyu Mwalimu ningemkumbuka kama mtu wa kuchekesha tu.

Mama mkwe alikuwa mjane mwenye mbuzi wengi na maneno machache. Shule ilikuwa na shamba lake, kama shule zote za serikali, na mwaka ule Mwalimu alikuwa amepanda muhogo ambao boma lilitaka uonekane umestawi. Mbuzi wa mama mkwe waliingia wakaula hadi vijiti. Mwalimu alikuja kwetu amekaza mkanda kuliko kawaida, akasimama uani akalalamika kwa Kiswahili kirefu. Mama mkwe, aliyekuwa akijua Kiswahili cha kununulia chumvi, alimjibu kwa Kigogo kwamba mbuzi wake hawaijui serikali, na kwamba mtu anayepanda majani mabichi katikati ya kiangazi amewaalika mwenyewe. Akaongeza kwamba kinywa kirefu cha Mwalimu kitamletea shida. Majirani wote walisikia. Siku ile tulicheka, na hakuna aliyedhani kwamba maneno yale yangekumbukwa.

Haukupita muda, gari moshi la kwanza likafika Dodoma. Watu walitoka kila upande kuliona. Ng'ombe walichinjwa, kulikuwa na ngoma, wanafunzi walisimama mstari mmoja kuimba wimbo waliofundishwa, na Mwalimu alikuwa mbele yao ameng'aa. Alikuwa amekula nyama nyingi sana, kwa haraka, maana bwana mkubwa wa boma alikuwa njiani. Mama mkwe alikuwa akigawa maziwa ya mgando kwa kibuyu. Nadhani alitaka kupatana naye baada ya ugomvi wa mbuzi, kwa sababu alimpa yeye kwanza, kisha jumbe, mkubwa wa kijiji chetu, kisha wengine wote. Mwalimu alikunywa, akafuta mdomo, akainua mkono kuanzisha wimbo. Mkono haukufika juu. Alishika kifua, uso ukabadilika rangi, akaanguka mbele ya wanafunzi wake wakati gari moshi likipiga king'ora.

Alibebwa hadi nyumbani kwake. Alipolegezwa mkanda alipata pumzi, na jioni alikuwa akiongea. Lakini kijiji kilikuwa kimekwisha kuongea zaidi yake.

Asubuhi jumbe aliita watu mbele ya zizi lake. Mume wangu alitangulia, nami nilimshika mama mkwe mkono. Tulijua mambo haya yanavyokwisha. Mwanamke mmoja wa upande wa magharibi kwetu alikuwa ameitwa mchawi na kufukuzwa akiwa na kibuyu kimoja tu mgongoni, nyumba yake ya tembe ikabomolewa, na hakuna aliyejua alikokwenda. Jumbe hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwa upole kwamba mama huyu aligombana na Mwalimu mbele ya watu, akamtabiria shida, kisha akampa maziwa kwa mkono wake, naye akaanguka. Halafu akasema neno ambalo watu waliliona ndilo lenye nguvu kuliko yote. Maziwa yale walikunywa wengi, na yeye jumbe akiwamo. Kama yalikuwa mabaya, yangewaangusha wote. Kwa kuwa yamemwangusha mmoja tu, basi yalitumwa kwake.

Watu waliguna kukubali. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, niliguna nao.

Ndipo Mwalimu alipotokea, akitembea taratibu, kanzu ikipepea bila mkanda. Tulikuwa hatujawahi kumwona hivyo, alionekana kama mtu aliyetoka kuoga. Aliomba mahali pa kukaa, akapewa kigoda.

"Jumbe," alisema, "swali lako ni langu. Nimelibeba miaka mingi. Kwa nini mimi na si wengine?"

Jumbe akasema ndiyo hasa.

"Basi niruhusu niwaulize watu, kama ninavyowauliza watoto. Jana baada ya nyama na maziwa, nani alisikia maji machungu yakimpanda kooni? Anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Nani atanyoosha mkono mbele ya jumbe kusema habari za kucheua? Nilimwona Mwalimu akiweka kiganja kifuani, nikajua moto umeanza tena, na nikafikiri tumekwisha.

Mkono ulionyooka ulikuwa ule niliokuwa nimeushika. Mama mkwe aliutoa katika wangu na kuuinua juu, kama alivyowaona wanafunzi wakifanya.

"Mimi," alisema kwa Kigogo. "Yalipanda. Yanapanda kila siku tangu nilipokuwa msichana. Yanafika mpaka kwenye meno."

Mwalimu aligeuka kwenye kigoda nusura aanguke. Alimwuliza kama yanachoma.

"Yachome nini?" mama mkwe alisema. "Ni maji. Nayameza."

Nilitafsiri maneno hayo, maana Mwalimu alinitazama akitaka kuhakikisha kwamba ameelewa. Nilipomaliza alikuwa na uso wa mtu aliyeonyeshwa kisima. Aliuliza tena, safari hii akimwelekea kila mtu kwa zamu. Mzee mmoja alikiri kwamba hayamchomi ila humletea kikohozi kila akilala. Mwingine alisema humkausha sauti asubuhi. Mume wangu alisema, kwa haya, kwamba naye hucheua akiinama kukamua, ila hajawahi kuona kuwa ni jambo la kusimulia. Mwishowe jumbe mwenyewe alikohoa na kusema kwamba yeye, akila sana, husikia kama donge limekaa kooni, halipandi wala halishuki. Kicheko kilianzia nyuma kwa wanawake, kikaja mbele.

Mwalimu alisubiri kitulie, kisha akasema neno ambalo mimi nimelitumia mara nyingi tangu siku ile.

"Moshi wa jikoni ni mmoja. Kuna anayekaa ndani ya tembe kutwa nzima akisonga ugali, macho makavu. Kuna anayeingia kuchukua kijinga cha moto tu, akatoka analia. Hatusemi moshi umetumwa kwa huyu anayelia. Macho yake ndivyo yalivyo. Koo langu ndivyo lilivyo. Kilichopanda kwangu jana kilipanda kwa mama huyu pia. Tena mimi nilikuwa nimejifunga mkanda, nimekula kupita kiasi, na nilikuwa na hofu ya bwana mkubwa."

Jumbe alifikiri. Alikuwa mtu wa kutaka kuona kwa macho, kwa hiyo akaagiza kibuyu cha mama mkwe kiletwe, na wote wawili wanywe mbele ya watu. Mama mkwe alikunywa. Mwalimu alikunywa, akafumba macho, akangoja, akakunja uso, kisha akapiga mbweu ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia kutoka kwake. Hakuanguka. Mama mkwe alimtazama kwa huruma, na kwa mara ya kwanza akamwita mwanangu. Jumbe alisema watu waende makwao wakafanye kazi.

Tulipofika uani kwetu mama mkwe alikaa chini ghafla, akalia, kisha akacheka akiwa bado analia. Mume wangu aliingia ndani ili asimwone mama yake vile. Mimi nilikaa naye mpaka alipoinuka mwenyewe na kwenda kutafuta mbuzi wake, ambao walikuwa tena shambani kwa shule.

Tangu hapo Mwalimu alikuwa akila kwetu karibu kila jioni. Mama mkwe alimpikia mlenda aliotia magadi kidogo, na Mwalimu alisema unapita kooni kama unaomba radhi. Alifurahi alipogundua kwamba magadi ni ndugu wa ule unga mweupe wa mganga wa reli. Alimpa mzee wa kikohozi, yakamsaidia. Akampa mwanamke mwingine aliyekuwa akiungulia, hayakumfaa hata kidogo. Jambo hilo lilimpendeza zaidi, maana alipata swali jipya. Alikuwa na desturi ya kusema kwamba matumbo ni kama wanafunzi, ukidhani umewaelewa wote humwelewi hata mmoja.

Kisha zamu yangu ikafika. Nilipokuwa na mimba ya kwanza, mimi ambaye nilikuwa nimemcheka siku zote, nilianza kuwaka kifua kuanzia asubuhi. Nilikuwa siwezi kuinama kuchota maji bila moto kunipanda hadi masikioni. Mume wangu alihuzunika. Mwalimu alifurahi wazi kabisa, hakujaribu hata kuficha. Alikuja na mkeka wake, akaketi mbali kwa heshima, akasema, "Shemeji, karibu." Akaniuliza kama unaanzia chini au katikati, na kama unaambatana na mate mengi. Wakati mwingine tuliketi ukutani, yeye huku na mimi kule, viganja vifuani, mama mkwe akipita katikati yetu na kutikisa kichwa. Alinieleza kwamba wanawake wa kwao huamini mama akiungulia sana mtoto atazaliwa na nywele nyingi. Binti yangu alizaliwa na kichwa kama yai. Siku hiyohiyo moto wangu ukazimika, na Mwalimu alipokuja kumwona mtoto, alimsifu sana, kisha akaniambia kwa masikitiko ya kweli kwamba nimemwacha peke yake.

Alihamishwa kwenda shule ya upande wa Tabora. Aliondoka kwa gari moshi, na mkanda wake alikuwa ameufunga begani badala ya kiunoni. Mawe ya kitanda aliyaacha. Kwa muda mrefu hatukusikia habari zake, isipokuwa salamu alizotuma kupitia wafanyabiashara, na kila salamu iliuliza habari za afya ya mama mkwe kabla ya afya ya mtu mwingine yeyote.

Nilimwona mara moja tena, katika miaka ile ya mwisho ya Mjerumani, kabla vita havijafika kwetu. Nilikuwa nimekwenda stesheni kuuza karanga. Gari moshi lilisimama kuchukua maji, abiria wakainamia madirisha kununua, na mkono mmoja ulionyooka kwangu ulikuwa na kiganja nilichokifahamu. Nilitazama juu. Alikuwa amenenepa, ndevu zimeingia mvi, na kwapani alikuwa na kifurushi cha nyama ya kuchoma iliyotota mafuta. Alinitambua nilipocheka. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia, akauliza haraka haraka habari za mume wangu na binti yangu. Nilimwuliza kuhusu kifua chake. Alisema siku hizi maji yanapanda kama zamani, anayasikia mdomoni, lakini hayamchomi tena. Koo limezeeka, alisema, limechoka kulalamika. Alisema hivyo kama mtu anayesimulia rafiki aliyehama.

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama mama yupo.

"Yupo," nilisema. "Macho yamekwisha, haoni tena. Lakini yupo."

Filimbi ilipigwa. Mwalimu alitazama ndani ya behewa, kwenye sanduku lake na kitanda chake cha safari kilichokunjwa, akanitazama mimi. Safari yake ilikuwa ya serikali, na kuchelewa kungemletea maneno makali huko alikokuwa akienda. Alimwomba jirani yake aliyeketi naye amtunzie sanduku hadi Morogoro. Alishuka wakati magurudumu yameanza kuzunguka, akajikwaa, nyama ikaanguka mchangani. Tulisimama tukiliangalia gari moshi mpaka moshi wake ulipofika mlimani.

Nyumbani mama mkwe alikuwa ameketi uani akibambua karanga, ungo mapajani, maganda yakianguka pembeni yake. Nilimwashiria Mwalimu asiseme. Alivua viatu, akaenda polepole, akaketi mkekani karibu naye, akachota karanga na kuanza kubambua. Walibambua hivyo, yeye na mama, mpaka mbweu ndogo ikamtoka Mwalimu. Nilisimama mlangoni na kitambaa mdomoni ili nisicheke.

"Wewe wa pwani," mama mkwe alisema mwishowe, bila kugeuza kichwa. "Unatupa maganda kwenye karanga safi."

"Mama, umejuaje? Huoni."

"Nasikia," alisema, na akamsogezea ungo karibu.